Muacheni kijana na kabaidi yake

Juzi nimeudhika na mpaka leo haijanitoka. Kijana mmoja, ana wiki kama sita tu tangu awashe mashine ya kukereza mbao, ile inayozungusha mti huku wewe unaukata, kwa mara ya kwanza, alikuja na bakuli lake la kwanza kwenye kikao chetu cha wakerezaji. Kalifunga kwenye kitambaa kabisa, analifungua taratibu. Na bakuli lilikuwa zuri jamani, ukuta umelingana kuanzia mdomoni hadi chini, kitako kimetulia mezani hakichezi. Wa kwanza kulishika alikuwa mzee mmoja ambaye sote tunamheshimu, akaligeuza, akapitisha kidole ndani, halafu akauliza, "Umetumia nini?" Kijana akajibu, "Zile za kabaidi, mzee." Mzee akalirudisha mezani. "Basi hapo hujakereza. Umekwangua."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kujificha, akalifunga bakuli lake na hakulifungua tena mpaka tunaondoka.

Sikusema kitu pale na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa hiyo naandika sasa. Anayeanza aanze na kabaidi, yaani vile vyombo vyenye ncha ndogo ngumu sana iliyofungwa kwa skrubu mbele ya bapa la chuma. Na simaanishi aanze nayo kwa sababu hana uwezo au ni mvivu wa kujifunza, namaanisha ndiyo njia nzuri zaidi ya kuingilia kazi hii, na nitaeleza kwa nini.

Kinachomshinda mtu anayeanza siyo kukata mbao, ni kunoa. Patasi za hai-spidi, kile chuma cha kawaida cha patasi za siku hizi, hasa zile zenye mfereji katikati za kukerezea mabakuli, zinataka kunolewa kila mara, na ukifanya kazi kwenye mti mgumu unaweza kurudi kwenye jiwe mara kadhaa kabla bakuli moja halijaisha. Na kunoa kwenyewe ni ufundi mwingine kabisa: lazima uizungushe ile patasi kwenye jiwe huku pembe haibadiliki, mabawa ya kushoto na kulia yalingane, ncha isibaki butu, ukikosea kidogo unakula chuma bure. Sasa mchukue mtu ambaye hajui kunoa na hajui kukereza, mpe vyote viwili siku moja. Patasi inaruka juu ya mti. Ni kwa sababu ni butu? Au ameishika vibaya? Au kiegemeo, pale patasi inapolala mbele ya mti, kiko chini mno? Hajui, na hana namna ya kujua, maana kila kitu kinabadilika kwa pamoja. Akibadilisha mkao akaona mabadiliko kidogo anadhani amejifunza kitu, kumbe alikuwa ametoka kunoa dakika mbili zilizopita na hiyo ndiyo iliyomsaidia. Anajifunza uongo. Halafu anatumia miezi kuusahau.

Mimi nimepita huko. Nilianza na seti ya patasi sita na mashine ya kunolea yenye mawe mawili, sikuwa na kishikio cha kunolea cha kuishika patasi kwenye pembe moja, nanoa kwa mkono na macho. Patasi yangu ya mabakuli ilifupika karibu theluthi kabla sijatengeneza bakuli hata moja la kumpa mtu. Kila nikinoa pembe inatoka nyingine, na kila pembe mpya inataka mkono uushike mpini kwa kimo kingine, kwa hiyo mkono wangu haukuzoea kitu chochote. Siku moja ile patasi ikanasa, nadhani wote mnaujua ule mlio, ule mgongo wa makali unaopaswa kuegemea mti ukaachia, kona ikazama kwenye mti na mti ukaichukua. Bakuli likang'oka kwenye mashine likanigonga kwenye kinga ya uso. Kinga ilipasuka, uso ulibaki salama, namshukuru Mungu. Lakini baada ya hapo nilikaa miezi minne siigusi mashine, nikipita karibu nayo mikono inatoka jasho. Ningeacha kabisa. Wangapi waliacha hapo na hatutawajua kamwe?

Kabaidi inaondoa swali moja kati ya yale mawili. Ni unga wa tangsteni na kaboni ulioshikamanishwa kwa kobalti, mgumu kiasi kwamba makali yake yanadumu mara nyingi zaidi ya hai-spidi, na yanakuja yakiwa tayari. Yakichoka unalegeza skrubu, unakizungusha kile kipande, unakaza, unaendelea. Cha mraba kina pande nne, cha duara unakisogeza kidogo kidogo hadi ukizunguke chote. Kwa hiyo makali ni yale yale leo na kesho, na kikitokea kitu kibaya unajua kimetoka kwako: mkao, kimo, mwendo, au umesukuma kwa nguvu mno. Hapo ndipo mtu anaanza kujifunza kukereza kwa kweli, kwa sababu mti unampa jibu analoweza kulisoma.

Mwaka jana mpwa wangu alinisumbua nimfundishe. Nikamfungia kipande cha mti cha inchi 8, nikamwekea kiegemeo, nikampa ile yenye ncha ya mraba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kushusha mpini chini, amewaona watu na patasi za mfereji wakifanya hivyo. Nikamwambia hapana, hii inalala. Mpini sawa na sakafu, bapa la chuma limekaa lote juu ya kiegemeo, makali yanagusa mti palepale kwenye kimo cha katikati. Tukazima mashine, tukasogeza ile ncha hadi ikaelekeana na pini ya katikati, nikamwambia aangalie kwa jicho moja. Akakaza kiegemeo. Tukawasha mwendo wa taratibu kwanza maana mti ulikuwa bado haujalingana.

"Mjomba, nisukume?"

"Usisukume. Upelekee tu kona, nusu ya upana wa ncha, halafu tembea kwenda kushoto."

Vipande vifupi vikaanza kuruka, tok tok tok pale mti unapogusa na kuacha, halafu ile tok tok ikaanza kukaribiana, ikaungana, ikawa sauti moja laini. Hakuhitaji kuambiwa, uso wake wote ulibadilika. Mti ulishakuwa duara na yeye ndiye aliyeufanya, dakika kumi tangu ashike chombo kwa mara ya kwanza maishani. Nikazima, nikamwambia apitishe mkono. Alipitisha mara tatu.

Niambieni nani angempa mtoto huyu furaha ile kwa dakika kumi kwa patasi ya mfereji.

Sasa hili la kukwangua. Ndiyo, ni kukwangua, nani kakataa. Lakini kikwanguo cha bapa kipo kwenye rafu ya kila mkerezaji ninayemjua, akiwemo yule mzee, na ndicho anachotumia kusafisha ndani ya mabakuli yake. Kuna miti migumu yenye nyuzi zilizopindana ambayo hata mafundi wakubwa wanamalizia kwa kikwanguo. Mbona kikiwa na kipande cha kabaidi mbele ndiyo kinakuwa aibu?

Na wale wanaosema kabaidi ni kitu cha juzi juzi, hai-spidi yenyewe ilikuja lini? Wataalamu wa chuma Taylor na White waliivumbua Marekani mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya kukata chuma viwandani, na wakerezaji wa mbao waliendelea na chuma cha kaboni miaka mingi baada ya hapo. Kabaidi ya kukatia ilitengenezwa Ujerumani na Karl Schröter mwaka 1923, kisha kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza 1926 kwa jina Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Ina umri wa karibu miaka 100. Zote mbili ni zawadi kutoka kwa watu wa chuma, tofauti ni moja tu kwamba moja tulishaizoea.

Haya, nikubali ninachopaswa kukubali. Uso unaoachwa na kabaidi haufikii ule wa patasi ya mfereji iliyonolewa vizuri mkononi mwa anayeijua. Bakuli likifungwa kwa namna ya kawaida, kila mzunguko kuna sehemu mbili ambapo unakutana na vichwa vya nyuzi, na hapo kabaidi inang'oa, unapata yale mabaka meusi yenye vinyweleo ambayo yanaonekana vizuri zaidi baada ya kupaka mafuta. Utaanza na msasa namba 80 wakati mwenzako anaanza na 180. Mipito ya mwisho iwe myepesi sana, na upande mpya wa ncha uwekee hiyo, inapunguza tatizo ingawa haiondoi. Kwenye miguu ya meza na vitu vyembamba, patasi bapa ya mshazari inaacha uso ambao mara nyingine hauhitaji hata msasa, na kabaidi haiwezi hivyo. Hilo ni kweli. Mimi mwenyewe leo natumia patasi ya mfereji kwa nje ya bakuli, na naipenda.

Lakini nilijifunza kuitumia baada ya kabaidi kunirudisha kwenye mashine, nikiwa tayari najua mti mzuri unasikikaje unapokatwa, najua kimo, najua mwendo, mikono haitetemeki. Kunoa kukabaki jambo moja peke yake la kujifunza, na nikalijifunza.

Ila wenye kabaidi nao wasikilize. Kona za ncha ya mraba ndizo zinazonasa, usiingize upana wote kwa mpigo mmoja, na usiiinamishe, chombo cha bapa kikikaa upande mti utakigeuza mkononi mwako kabla hujajua. Ndani ya bakuli tumia ya duara, na acha makali yawe juu kidogo ya katikati ili likitokea la kutokea yashuke kuelekea penye nafasi. Kiegemeo kiwe karibu, sogeza kila unapochimba zaidi. Kabla ya kufunga ncha futa pale inapokaa, punje ya vumbi chini yake ukikaza skrubu inaweza kuipasua, maana kabaidi ni ngumu lakini haipindi, inakatika. Usiidondoshe sakafuni. Usiipeleke kwenye jiwe la kawaida la kunolea, haitanoleka, na vumbi la kobalti siyo kitu cha kuvuta. Ukitaka kuiamsha isugue kwenye bapa la almasi, ule upande wa juu tu. Na barakoa, tafadhali, kukwangua kokote kunatoa vumbi laini kwenye mti mkavu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Hapa sibembelezi mtu.

Kuhusu gharama, ncha zinauzwa na zinaisha, sawa. Mashine ya kunolea, mawe mazuri na kishikio chake navyo vinauzwa, na anayeanza anatakiwa kuvinunua vyote kabla ya kukata hata unyoya wa mti.

Mzee wetu namheshimu, na kazi zake nimezishika mkononi nikakosa la kusema. Mikono yake ina miaka 40 kwenye mashine. Namuomba tu akumbuke kwamba alipoanza yeye alikuwa na mtu pembeni yake anayemnolea, ametusimulia mwenyewe, baba yake mdogo alikuwa anazinoa zote asubuhi anampa. Yule kijana hana baba mdogo wa kumnolea. Ana ile ncha ya mraba.

Nilimpigia simu jana usiku. Mwanzoni alisema ana kazi nyingi siku hizi, mashine kaifunika. Nikamuuliza lile bakuli alilimalizia na nini, akaniambia msasa hadi namba 400 halafu nta, na sauti ikaanza kurudi, akaanza kunieleza jinsi alivyopata shida kwenye kona ya ndani pale ukuta unapokutana na kitako. Nikamwambia ile kona inataka ncha ya duara na kiegemeo kilichopinda kinachoingia ndani, ninacho, aje Jumamosi. Kasema atakuja. Nimeshamuwekea kipande cha mti kibichi kidogo, na ncha nimeigeuza upande ambao haujatumika.