Mto wenye barafu haungoji mvua

Sisi wa Mto Tana tunayajua mafuriko kwa mvua. Ikinyesha sana Mlima Kenya na Aberdare, watu wa Garsen, huko chini ya mto, huwa na siku kadhaa za kuhamisha mifugo na magunia. Ukihamia Fort McMurray, Kanada, mazoea hayo yatakuponza, maana huku mto hufurika jua likiwaka.

Mto Athabasca, unaopita mji huo, unaelekea kaskazini. Theluji ya kusini huyeyuka mapema, maji yakaja kuinua barafu ambayo huku chini bado ni ngumu. Barafu hupasuka, mapande yakateremka kwa kasi kwenye maporomoko, kisha yakafika mjini, mahali mteremko unapolegea na mto kugawanyika kwenye visiwa. Hapo hukwama. Pande la mita 3 kwa 3, unene nusu mita, lina uzito wa tani 4 hivi, na linadanganya macho kwa sababu karibu sehemu 9 kati ya 10 zimezama. Yakipandana yakaziba njia, maji hurudi nyuma na kuingia Mto Clearwater, unaopita kando ya mji. Aprili 2020 barafu ilisongamana kwa kilomita 25 hivi, na watu wapatao 13,000 wakahamishwa. Maji hupanda kwa saa, si kwa siku.

Ndiyo maana nasema wazi: ndugu mgeni, usipange besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, kwenye bonde la mito hiyo, hata kodi iwe nafuu vipi. Maji yanaweza kukutokea kwenye tundu la bafuni kabla hayajagusa mlango, maana mabomba ya majitaka hujaa na kurudisha. Kama huna budi, muulize mwenye nyumba kama kuna vali ya kuzuia majitaka yasirudi, na kama pampu ya sakafuni inayotoa maji ina betri, kwani umeme hukatwa. Bima ya mwenye nyumba hailipi godoro lako. Kata bima yako mwenyewe, na uulize kama inafidia majitaka yanayorudi na mafuriko, kwa sababu mara nyingi kila moja hulipiwa nyongeza yake.

Jambo moja nyumbani tumewazidi: jamaa wa juu ya mto hupiga simu. Huku mpangaji mgeni hana jamaa huko juu, kwa hiyo Aprili asome kila siku taarifa za barafu za kituo cha utabiri wa mito cha Alberta, jimbo ulimo mji huo. Na asisimame ukingoni kupiga picha. Msongamano ukiachia, wimbi lake hufika ghafla likiwa na mapande yale yale ya tani 4.