Akipiga ni Kiswahili, akipenda ni Kiingereza

Wiki iliyopita nimelipa elfu thelathini kuingia kwenye ukumbi mmoja wa Kampala kutazama mchezo wa mapenzi ya wakati wa vita vya msituni, na mpaka leo roho inaniuma. Si kwa ajili ya pesa. Haya, kidogo kwa ajili ya pesa.

Hadithi mnaijua kabla pazia halijafunguliwa. Mwaka ni 1983. Binti wa Luwero anawapelekea NRA, waasi wa Museveni, chakula msituni. Askari wa UNLA, jeshi la serikali, amesimama kwenye kizuizi cha barabarani. Macho yanakutana. Mvua inanyesha, maana mvua lazima inyeshe.

Kilichonichoma ni kinywa cha yule askari. Nusu ya kwanza yote anabweka Kiswahili: "Kuja hapa! Lala chini! Wapi kipande?" Watu wanavunjika mbavu, kwa sababu hapa kwetu mwigizaji akishavaa buti na kusema "kuja hapa", kila mtu keshajua ni nani. Halafu anapenda. Na akishapenda tu, Kiswahili kinamtoka kama pepo. Anaanza kumbembeleza binti kwa Kiingereza laini cha watangazaji wa redio za FM. Dakika kumi baadaye ametupa kofia ya serikali, amejiunga na wapiganaji, makofi.

Kumbe adui hapendi. Ili apende lazima kwanza aache kuwa adui, abadilishwe lugha, aoshwe, akabidhiwe kwa washindi. Hayo si mapenzi ya watu wa pande mbili, hayo ni usajili wa askari wapya.

Najua mtaniambia nini. Panda gari, ile amri ya askari waliokuwa wakiwakamata watu na kuwapakia kwenye malori, wengine wasirudi. Sikatai, Kiswahili kina deni kubwa Uganda, na amri ya Amin ya 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukisaidia hata kidogo. Bibi yangu wa Wobulenzi, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akisikia neno "panda" anashtuka, hata likiwa kwenye tangazo la mbegu za mahindi. Na ninyi mnaotaka mvua na macho kukutana, mkumbuke kwamba wanawake wengi waliochukuliwa na askari kule Luwero hawakupendwa na mtu. Walibakwa. Nani ataandika mchezo wa huo ukweli? Sijaona foleni.

Lakini hao wa msituni walikuwa wakiamrishana kwa lugha gani? Afande. Kadogo, yaani askari mtoto. Mchakamchaka. Hayo ni maneno ya Kilatini? Wakubwa wao walipitia Tanzania na Msumbiji kabla ya risasi ya kwanza ya Kabamba, Februari 1981. Kiswahili kilikuwa pande zote mbili za mtutu. Na kijana wa Kitgum akikutana na msichana wa Wobulenzi, yeye hajui Luganda, msichana hajui Kiacholi, Kiingereza wote wawili wamekiachia darasa la nne, wataongea nini? Ishara?

Nasema hivi kwa sababu nimelelewa na mapenzi hayo. Shangazi yangu, senga kabisa, dada wa baba, aliolewa na Mwacholi aliyekuwa amevaa sare za UNLA kwenye barabara ya kwenda Gulu. Nilipokuwa mdogo tulikaa nao Walukuba, Jinja, mtaa ambao nusu ya Uganda ilikuja kutafuta kazi viwandani na hakuna anayekuuliza baba yako alizaliwa wapi. Nyumbani ilikuwa Kiswahili, kile chetu kibovu kisicho na ngeli. Walimu wa Dar wangelia machozi.

Siku moja nilimuuliza shangazi alitongozwaje. Alikuwa anachambua mchele, sinia mapajani, na hakuinua uso. Akasema alikuwa anapita pale kila asubuhi na dumu la maji, na yule askari hakuwahi kumwambia neno zuri hata moja. Hata jina lake alikuwa hajamuuliza. Mpaka jioni moja akamwambia, akiangalia upande mwingine kama anayetema mate: "Kesho usipite hapa."

Basi. Hilo ndilo tamko la mapenzi. Maneno matatu, yote ya amri, kwa lugha ya kizuizini. Halafu shangazi akaendelea kuchambua mchele, nikadhani hadithi imekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kusema lililobaki. Alimwambia mama yake wasitoke. Akawaambia na dada zake. Jirani aliyekuwa akiuza mkaa hakumwambia, kwa sababu jirani angeuliza: wewe umejuaje? Kesho yake jirani akapita.

"Nilipenda mtu mmoja," akaniambia, "na nikamnyamazia mtu mmoja." Akaokota kijiwe kwenye sinia, akakitupa uani.

Leteni hilo jukwaani nitalipa elfu hamsini.

Na mume wake hakugeuka. Hakuingia msituni, hakusikia wito, hakutupa kofia kwa heshima ya binti wa watu. Alibaki UNLA mpaka UNLA yenyewe ikasambaratika Januari 1986, akavua sare kwenye shamba la miwa akiwa njiani kukimbilia mashariki. Zamu ya kizuizi ikageuka. Aliyewasimamisha alikuwa kadogo, bunduki karibu imzidi kimo, akamwambia mzee akae chini. Shangazi akatangulia kujibu, kwa Kiswahili kilekile alichofundishwa na adui: "Afande, huyu ni bwana yangu. Anauza samaki." Hakuwa na samaki hata mmoja. Kadogo akamtazama miguu, buti zilikuwa zimeacha alama kwenye vifundo. Akawaacha wapite. Mzee husema yule mtoto aliona vizuri sana.

Tena siyo kwamba mapenzi ya aina hii yanaponya taifa, kama alivyohubiri mwongozaji mwishoni akiwa na maua mkononi. Zanzibar mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wakubwa wa mapinduzi, na hilo nalo liliitwa kuunganisha watu. Na sisi wenyewe tunasahau upesi: Obote, mtawala wetu wa wakati ule, mtu wa kabila la Lango la kaskazini, alimwoa Miria, Muganda, mwaka 1963. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la mumewe likaingia Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, kwa mizinga, Kabaka akaruka ukuta. Nani kati ya waandishi wetu ameandika chakula cha jioni cha siku ile, sahani zimewekwa, hakuna anayeuliza siku yako ilikuwaje? Hapana, wanataka mvua.

Mwongozaji, nikubali, taa zako zilikuwa nzuri. Binti naye alijua kulia. Lakini Kiswahili kimeandikwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na jukwaani bado kinaruhusiwa kupiga tu. Mpe yule askari sentensi moja. Asibadilike. Abaki na kofia yake na aibu yake, aseme jambo la upole kwa lugha ya ukali, tuone kama ukumbi utacheka.

Kila tarehe 26 Januari, sikukuu ya ushindi wa NRA, shangazi huwasha redio asikilize gwaride. Amewapoteza ndugu Luwero, siku hiyo ni yake kweli. Mzee hutoka nje akaitengeneza baiskeli ambayo haijaharibika. Anafungua mnyororo, anaupaka mafuta, anaurudisha. Hotuba zikiwa ndefu anafungua na gurudumu. Wimbo wa taifa ukiisha, shangazi hupunguza sauti na kuita kupitia dirishani: "Wewe, kuja hapa. Chai."

Naye anakuja, mikono imejaa grisi.