Siku Niliyomleta Mvuvi Aje Kuvua Kwenye Tindikali

Kabla hujanicheka, ngoja kwanza nikwambie kuhusu mawe ya Mwanza, maana kesi yote ilianzia kwenye mawe.

Mgeni akipanda feri ya Kamanga anapiga picha Bismarck Rock, anasema jamani pazuri. Mimi nikiona jiwe Mwanza naona gharama. Kiwanda cha ngozi nilichokuwa fundi, huko Nyakato, kilitaka shimo la kukusanyia maji ya tindikali, kina mita 2. Vibarua walifika mita 1 na nusu sululu zikaanza kutoa cheche. Wakahamia pembeni, jiwe lilelile. Nina hakika chini ya mji huu kuna jiwe moja tu na sisi sote tumepanga mgongoni kwake. Bosi akasema inatosha, mwageni sakafu.

Shida ni kwamba pampu ilishaagizwa, nayo haikatwi kama muwa. Ni ile ya kusimama wima: mota inakaa juu, pakavu, na shafti ndefu inaning'inia hadi ndani ya shimo, mwisho wake kuna impela, lile gurudumu la kusukuma maji, ndani ya kesing, yaani ganda lake. Ya kwetu huko chini haina beringi wala sili, beringi zote zimekaa juu mbali na maji. Ndiyo maana hata shimo likikauka nayo inazunguka, haijiumizi. Kila kinachogusa maji ni plastiki. Pampu tuliyokuwa nayo kabla ya shimo hili ilikuwa ya chuma cha stenlesi, cha bei, tukaringa nacho. Lakini ngozi kabla ya kutiwa dawa ya kromu huogeshwa kwenye chumvi na asidi ya salfuriki pamoja, na hivyo viwili vikishirikiana stenlesi haifui dafu. Tulipoitoa, kesing yake ilikuwa na matundu kama chujio la chai.

Kwa hiyo shimo fupi, pampu ndefu. Tukajenga ukingo wa zege wa nusu mita juu ya shimo, pampu ikasimama juu ya ukingo kama mbunge jukwaani, na baadaye mafundi wa bati wakaja wakaezeka banda juu yake. Kati ya kichwa cha mota na bati ikabaki nafasi ya kupita paka. Hakuna aliyejiuliza siku ya kuitoa itatokea wapi. Aliyetakiwa kujiuliza ni mimi.

Siku pampu inafunguliwa kwenye boksi niliichunguza kama ng'ombe wa mahari. Nikaingiza ngumi kwenye mdomo wake wa chini, pale inapovutia maji: ngumi iliingia kwa kubanwa. Impela nayo nikaipima kwa macho, upana wa sahani ya chapati. Shika hilo la ngumi na sahani. Mimi mwenyewe sikulishika.

Basi, baadaye tukaambiwa wanakuja wageni wakubwa. Bosi akataka karakana ing'ae. Nikachukua rangi ya bluu nikaipaka mota yote, kuanzia kichwani hadi kwenye kaplingi inayoiunga na shafti, mikono miwili ya rangi, mpaka ikapendeza. Kwenye mota kulikuwa na mshale mwekundu wa kuonyesha izunguke upande gani. Nikaupaka nao.

Usiku huohuo fundi umeme alibadilisha stata, swichi ya kuwashia mota, na kurudishia nyaya. Wanaojua fezi tatu wanajua: ukigeuza waya mbili kati ya tatu, mota inazunguka kinyume. Ndiyo maana kitabu cha pampu kimeandika kwa herufi nene: fungua kaplingi, iwashe mota peke yake nukta moja, tazama mshale. Nilikisoma. Nilikisoma vizuri kabisa, wiki iliyofuata.

Asubuhi nikabonyeza kitufe cha kijani.

Kuna watu wanaamini pampu ikizunguka kinyume inanyonya maji kuyarudisha. Hapana, bado inasukuma, ila kichovu. Ya kwetu hata uchovu haikufika, kwa sababu impela yake imefungwa kwenye shafti kwa nyuzi, kama kifuniko cha chupa. Ikizunguka sawasawa inajikaza, kinyume inajifungua. Tulisikia *kru, kru, kru, tak!* halafu mota ikaanza kuimba laini, sauti tamu ya mtu asiye na majukumu. Bombani hakuna hata tone. Fundi umeme akabana mita yake kwenye waya: amperi zimeshuka.

"Mota haina mzigo," akasema.

Nikakunja mikono. Vijana walikuwa wananitazama, na mtu akitazamwa lazima aseme kitu. Nikasema, "Impela imechomoka. Imedondokea shimoni."

Msaidizi wangu, kijana mmoja mpole wa kutoka Magu, akauliza, "Fundi, inapitaje kwenye kesing?"

"Lete sumaku," nikamjibu.

Inabidi niseme kidogo kuhusu huyu kijana. Miezi mitatu nyuma spana yangu namba 19 ilipotea, spana nzuri niliyoachiwa na fundi aliyenifundisha kazi. Sikumwita mwizi. Nilichofanya ni kwamba kila akikaribia boksi langu la vifaa, nilikuwa nahesabu spana kwa sauti.

Tukafunga sumaku ya spika kwenye kamba, tukaishusha. Ikarudi na msumari. Tukaishusha tena, ikarudi na waya. Kijana akakohoa kwa adabu: "Samahani fundi, impela si ya plastiki?"

Kimya. Fundi umeme akaenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Sasa, njia halali ilikuwa kuitoa pampu yote. Lakini kuitoa ni kung'oa bati za banda jipya, na bosi alishawahi kuniambia kuhusu zile bati kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Na kuingia shimoni haiwezekani kabisa, hapo sikutaka hata utani. Ng'ambo ya ukuta kuna shimo lingine, la maji ya chokaa na salfaidi ya kunyonyolea manywele ya ngozi. Hayo yakichanganyika na asidi yetu kunatoka gesi inayonuka mayai viza, na ikiwa nyingi inaua pua kwanza, husikii tena harufu, halafu inakumaliza mwenyewe. Mashimo hayakutani, sawa, lakini shimo la kiwandani halina rafiki. Kwa hiyo kazi ilibidi ifanywe kutokea juu, kupitia mfuniko wa pembeni.

Na mji huu una watu gani wanaotoa vitu majini kutokea juu?

Nikapanda bodaboda hadi Mwaloni, Kirumba, kwenye harufu ya dagaa, nikauliza mvuvi mwenye mkono mwepesi. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu chini ya mwamvuli uliokatika mbavu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Unataka sangara au sato?"

"Mzee, ni kitu kimeangukia shimoni."

"Kinapumua?"

"Hakipumui."

"Basi ni rahisi, hakitakimbia." Tukakubaliana shilingi 30,000 na nauli.

Alikuja na wavu wa mkono, kamba, mti mrefu na ndoano za sangara. Tulimvalisha glavu ndefu, buti, aproni na miwani ya kukinga macho. Akajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mlinzi, akacheka peke yake kwa muda. Kisha akainama kwenye mfuniko, akaangalia yale maji ya kijivu yenye povu.

"Hiki chenu kinazama au kinaelea?"

"Kinazama," nikasema, haraka kama mwanafunzi asiyesoma.

Kijana wa Magu hakusema neno. Alienda akaokota kipande cha bomba kilichobaki siku ya kufunga, plastiki ileile ya pampu, akakitia kwenye ndoo ya maji mbele ya mzee. Kikaelea. Akakizamisha kwa kidole. Kikapanda tena. Alikizamisha mara tatu, nami mara zote tatu nilikuwa naangalia bati.

"Kama kinaelea," mzee akasema polepole, "mbona hakionekani?"

"Povu," nikasema. "Kimejificha chini ya povu."

Mzee akatupa wavu. Ukitaka kujua dharau inafananaje, mtazame mvuvi aliyelelewa na ziwa lenye upepo wake na mawimbi yake, anapotupa wavu kwenye shimo la ukubwa wa kitanda. Wa kwanza ulileta kipande cha ngozi. Wa pili kandambili ya mguu wa kushoto, na mpishi wa kantini akapiga kelele kutoka mbali, "Hiyo yangu!" Habari zikaenea. Saa nne ilipofika, wafanyakazi nusu walikuwa wamezunguka shimo, mtu mmoja akiuza karanga. Kila wavu ukipanda watu wanasema "eeeh," ukifunguka wanasema "aaah." Glavu. Kopo la chai. Kofia ya mlinzi, iliyobaki ukingo tu. Mzee akabadili, akashusha ndoano. Zikatoka zimepauka, mng'aro wote umekwisha. Akazitazama kwa huzuni. "Hizi ndoano nimezinunua juzi," akasema. "Humu zimezeeka kuliko mimi."

Ndipo bosi akatokea. Akasimama nyuma ya umati. Akaona mzee wa miaka sabini na kitu amevaa miwani yangu, anavua samaki ndani ya mali ya kampuni.

"Fundi," akasema. "Nieleze taratibu."

Nikaeleza taratibu. Nilipofika kwenye neno "povu" akanyanyua mkono. "Ng'oeni bati."

Tuking'oa bati, mvua ikaanza. Ile ya Mwanza, inayotokea ziwani bila hodi, dakika tano umelowa mpaka leso ya mfukoni. Tukafunga chenibloku, mnyororo wa kunyanyulia mizigo, kwenye mihimili, tukafungua flenji ya bomba, tukaosha pampu kwa maji mengi huku inapanda kupitia paa kama jini anayetoka chupani. Tukailaza. Nikafungua bolti za kesing, moja moja, na kufikia bolti ya nne nilishahisi kitu ndani kinacheza. Nikatamani bolti ziwe mia.

Nikaondoa kifuniko. Impela ilikuwa imekaa pale, safi, salama, imechubuka kidogo tu ukingoni. Sahani ya chapati. Na chini yake ule mdomo wa ngumi moja.

Hakuna aliyesema kitu. Mvua peke yake ndiyo iliyoongea. Mzee wa Kirumba akasogea, maji yakimchuruzika kwenye miwani, akachungulia ndani ya kesing, akanitazama, akachungulia tena.

"Kijana wangu," akasema, "kumbe muda wote huu samaki alikuwa ndani ya mtumbwi?"

Kuna kicheko ambacho hata ukiacha kazi kinakufuata. Bosi mwenyewe aligeuka akashika ukuta.

Tuliirudishia impela jioni ile. Fundi umeme akageuza waya mbili. Safari hii tulifungua kaplingi, mota ikawashwa nukta moja, na mimi nikapiga magoti nikikwangua rangi ya bluu kwa kisu mpaka mshale ukaonekana. Pampu ikarusha maji kwa nguvu, hadi leo sijui kama imewahi kusumbua tena.

Mzee alipokusanya vitu vyake akakataa kuondoka bila kutupa mara ya mwisho. "Mvuvi haondoki na mkosi wa mtu mwingine," akasema. Akautupa wavu, akauburuta chini kabisa, kwenye kona. Ukapanda na kitu chembamba, kimeliwa kimebaki kama mfupa wa sangara baada ya sherehe. Akakigeuza kwenye mwanga. Kwenye mpini, kwa shida, bado ilisomeka: 19.

Akamkabidhi kijana wa Magu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akatembea hadi kwenye boksi langu la vifaa, akaiweka, kisha akaanza kuhesabu spana zote kwa sauti.