Mzazi akija ugenini, usimtembeze

Mimi ni wa Mombasa, na huu ni mwaka wa tano naishi Kigoma, Mwanga. Wenzangu wa nyumbani hunicheka nikisema niko nchi za nje. Nje gani, na Kiswahili ni hichohicho? Waje waone. Wiki yangu ya kwanza niliingia dukani kumtafutia dada yangu leso, nikaletewa kitambaa cha kufutia jasho. Leso ya kwetu hapa ni kanga.

Mwaka jana wazazi walikuja kunitazama. Basi mpaka Dar, kisha treni ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200, hadi stesheni ya Kigoma, ambako reli ya Wajerumani ilifika 1914. Nilikuwa nimewaandalia ratiba kwa kalamu na rula: Ijumaa Ujiji, Jumamosi Gombe kuona sokwe, Jumapili bandarini kuitazama Liemba, meli iliyotengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapahapa. Baba, kuli mstaafu wa bandari ya Kilindini, aliisoma ile karatasi mpaka mwisho. Akaikunja mara nne, akainama, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Nilinuna siku nzima. Leo namtetea. Sisi tunaoishi ugenini, mzazi akifika tu, tunageuka madereva wa watalii. Tunamburura mzee wa watu kutoka mnara hadi mnara, magoti yanamuuma, ilimradi akubali kwamba mahali tulipohamia pana maana. Kumbe hakuna aliyekuwa akiuliza hilo.

Ujiji tulikwenda, nakiri. Baba alisikiliza habari za Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, kisha akauliza mizigo yao ilibebwa na nani. Tukaelezwa habari za Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki Stanley. Bwana wake alipofariki 1873, huko ambako leo ni Zambia, Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliibeba maiti yake mpaka Bagamoyo.

“Walimrudisha kwao,” alisema Baba, akatoka nje. Kwake makumbusho yalikwishia pale.

Tukaswali Ijumaa. Baada ya swala aliketi barazani na wazee wa Ujiji, kahawa ikapita, na mimi nikaanza kutazama saa. Mmoja wao alisema babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, hakurudi tena. Wakaanza kuulizana koo. Alasiri ikaingia, bado wako palepale. Mzee mwenye kofia ya vito akanielekezea kidole: “Na huyu kijana, huku ana nani?” Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Baba akajibu, “Tangu leo ana nyinyi,” akasogeza kikombe aongezewe.

Mama naye alikuwa na safari zake. Usiku wa kwanza alisimama uani akanyoosha mkono ziwani: “Ule mji gani, mbona taa nyingi hivyo?” Nikamwambia si mji, ni wavuvi wa dagaa, huwavuta kwa mwanga, na mbalamwezi ikikolea hawatoki. Kesho yake alfajiri sikumkuta kitandani. Alikwenda Kibirizi na jirani yangu muuza mawese, akashinda akigeuzageuza dagaa wa watu juani. Alirudi ananuka samaki, amefurahi kama bibi harusi. Kwa siku tatu alijua mengi kuliko mimi: kwamba jirani ana mtoto anayesoma Kasulu, kwamba goti linamsumbua masika, na kwamba mgebuka, samaki wa ziwa hili, nauziwa bei ya mgeni. Hilo la mwisho lilimuuma Baba zaidi, maana kila bei alikuwa akiigawa kwa ishirini kupata shilingi za Kenya, na hata baada ya kuigawa aliona nimeibiwa.

Gombe hatukufika. Lakini Gombe ndiko ushahidi wangu uliko. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipokwenda kule Julai 1960, wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa msichana akae porini peke yake, basi akaja na mama yake, Vanne. Binti akipanda milimani kutafuta sokwe, mama alibaki kambini anawagawia wavuvi dawa ndogondogo za homa na vidonda. Wavuvi wakamzoea mama, na kwa mama wakamzoea binti. Vanne alikaa miezi michache tu. Sidhani kama binti peke yake, na darubini yake, angezoeleka upesi hivyo.

Kwa hiyo ukiniuliza mzazi akija umpeleke wapi, nitakwambia mpeleke kwa muuza vocha wako, kwa fundi, msikitini au kanisani kwako, halafu mwache. Usimkatize anapokusema utoto wako mbele za watu. Baba aliwaeleza wazee wa Ujiji kwamba nilikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Nimesamehe, ingawa si yote.

Kabla hawajaondoka nilikuwa “yule Mkenya”. Siku hizi nikipita, jirani huniita “mtoto wa Mama Mombasa” na mgebuka nauziwa bei ya watu. Ila juzi alinisimamisha, uso umekunjamana.

“Hivi mama yako tumeshibana vile, anaondoka ananiahidi leso? Kitambaa cha jasho?”

Nikamwambia asubiri, mzigo uko njiani.

“Leso moja nayo ni mzigo?”