Shangazi Ananivuta

Bibi mwenye nyumba wangu hapa Laramie, Wyoming, amemlea koyote kwa chupa tangu hajafungua macho. Koyote ni ndugu yao bweha, ila amewazidi urefu wa miguu na ujanja. Huyu ana jina lake la Kizungu, lakini mimi namwita Shangazi, maana ukila anakuhesabia matonge.

Nyama anaificha chini ya mito ya kochi. Ukinunua viatu vipya, atavikojolea kwanza ndipo uvae. King'ora cha zimamoto kikilia, naye anaitikia. Na asipokimbizwa asubuhi, anatafuna fremu za milango. Basi bibi alipofanyiwa upasuaji wa goti, kazi ya kumkimbiza ikaniangukia mimi, mtoto wa Tanga niliyekulia usawa wa bahari, katika mji ulio zaidi ya mita 2,100 juu yake. Hewa yenyewe huku ya kugombania.

Yeye huvaa kola ya rangi ya chungwa, kwa sababu sheria ya Wyoming inamweka koyote kwenye kundi la wanyama waharibifu: anapigwa risasi mwaka mzima, kibali hakitakiwi. Mimi sheria haikunitaja, lakini nilivaa kizibao cha rangi hiyohiyo. Huwezi jua.

Asubuhi hiyo theluji ilikuwa bado nene. Kamba nimejifunga kiunoni, mikono mfukoni. Mara simu ya video: mama. Kwao saa kumi na moja jioni, barazani wamejaa.

"Mwanangu, mbona unahema hivyo?"

"Niko na Shangazi, tunakimbia."

Wakatazamana. "Shangazi yupi?"

Kabla sijajibu, Shangazi akasimama ghafla, mguu mmoja wa mbele juu, masikio mbele, kichwa kaegemeza upande. Panya anapita chini ya theluji, naye anamsikia. Akaruka juu, miguu yote minne hewani, akashuka pua kwanza mpaka mabegani. Kamba ikanivuta nikapiga magoti. Panya kaponyoka, lakini kishindo kilimtoa sungura kichakani.

Koyote hufikia kilomita 60 kwa saa. Mimi nilifika kama kumi hivi, zilizobaki nikamalizia kwa tumbo. Simu nimeing'ang'ania, kwa hiyo Tanga waliona mbingu, theluji, mbingu, meno yangu, huku wakinisikia nikipiga kelele: "Shangazi, niache! Shangazi, utaniua!"

Simu ikaniponyoka. Sungura naye kapotea. Shangazi akarudi kuinusa simu, na kitu cha mwisho kilichoonekana barazani ni macho mawili ya manjano yamejaa kioo kizima. Kisha akainua pua akalia. Koyote mmoja akilia utadhani wako kumi, na wenzake wa vilimani wakamjibu. Hapo baridi ikamaliza chaji.

Njiani alipata mzoga wa swala, akagaagaa. Kwa urefu wa ile kamba, nami sikukosa fungu langu.

Nilipochaji simu nikakuta kikao kimeshakaliwa. Shangazi yangu wa Muheza, dada yake baba, ambaye hata uwanja wa ndege hajaukanyaga, ametakiwa aeleze saa kumi na moja alikuwa wapi. Akasema kikoba, na wenzake wote wakamtolea ushahidi. Mjomba akajibu kwamba kikoba si hoja, mwili unaweza kubaki kikoba; wanaosafiri kwa ungo hawakati tiketi.

Nikatuma picha ya koyote na kola yake, na maelezo marefu kwenye kundi la ukoo. Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi mwenyewe: "Kwa hiyo mimi ndiye nafanana na huyo?"

Sasa anataka kuombwa radhi, na radhi yenyewe iende na doti mbili za khanga na kilo tano za sukari. Nikampigia mama, nikamwambia huu ni uonevu. Mama akateremsha sauti, nikasikia na mlango anaufunga.

"Mtumie tu, mwanangu. Yale macho niliyaona mimi."