Chupa ya maabara si kifua cha mtu

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu mitishamba ya mafua anasema majani fulani yameua virusi vya mafua maabara. Sawa, lakini hata sabuni inaviua, na hakuna anayeinywa. Mwaka 2020, wakati wa korona, hapa Dodoma tulijifukiza mpaka mikaratusi ya mtaani kwetu ikabaki vijiti. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nao wakatoa dawa yao ya mitishamba, NIMRCAF. Mimi hadi leo nanunua tangawizi na mchaichai soko la Majengo. Pua inazibuka, usingizi unakuja, basi. Ila mjukuu wangu alipindua sufuria ya mvuke chini ya blanketi, paja likaungua, kovu analo. Ninachouliza ni kipimo: kiasi gani, kwa mtoto wa umri gani? Marehemu bibi kule Kongwa alipima kwa kiganja, na chake kilikuwa kipana kama jembe.