Mgeni Mwenye Mvi

Jamani, hivi mtu mwenye mvi anaweza kuwa kwenye majaribio? Basi mimi niko. Mwaka mzima, barua ya ajira inasema, ndipo nithibitishwe kuwa mwalimu wa serikali. Wale niliowafundisha shule binafsi, wengine leo madaktari, sijui walifundishwa na nani.

Jana nimekwenda halmashauri kuomba likizo. Mdogo wangu anaoa Songea na mimi ndiye nasimama badala ya baba. Nikavaa kaunda suti, nikaingia kwa afisa utumishi kama mtu anayefuata chake.

"Shikamoo mzee. Una muda gani kazini?"

Nikataja miaka yangu yote. Binti akabonyeza kompyuta, akakunja uso.

"Mbona mfumo unasema umeanza Machi?"

"Huko nyuma nilikuwa shule binafsi, mwanangu."

"Ahaa. Kwa hiyo hukuwa kazini."

Hukuwa kazini! Mtu nimefundisha hadi Jumamosi, usiku nikalinda bweni! Binti akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza kama nina cheki namba, ile namba ya mtumishi wa serikali, ya kipindi hicho. Nikamtolea hati za mshahara. Nikamtolea cheti cha mfanyakazi bora, nikiwa pichani na nywele nyeusi tii. Akakisifia kweli kweli.

"Ila hiki kikae nyumbani, mzee."

"Na mfuko wa pensheni, NSSF, waliokuwa wananikata kila mwezi?"

"Hao ni wa huko. Sasa wewe ni wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma."

"Yaani hela zangu zinakumbukwa, mimi ndiye sikumbukwi?"

Akacheka, akasema hilo niliandikie barua, ipitie kwa mkuu wa shule. Siku zangu 28 zipo, hazijakimbia, ila mwalimu huenda likizo shule zikifungwa. Nikaomba ya dharura.

"Pole sana mzee. Nani amefariki?"

"Hajafa mtu. Anaoa."

"Basi si dharura."

Kule binafsi nako zilikuwa 28 hizo hizo, kwenye karatasi. Desemba ikifika unasahihisha usaili wa wanafunzi wapya, mwenye shule anakwambia sisi hapa ni familia. Familia gani, barua ya kuthibitisha nilifanya kazi kwake nimeiomba mpaka leo!

Mshahara sisemi. Ngazi ya TGTS D ya kuanzia, sawa na kijana aliyevua joho juzi.

Ofisi ya walimu nimepewa kiti chenye miguu mitatu na tofali, ndicho cha ajira mpya. Kuna kijana ana miaka miwili kazini, kila sentensi anaanza na "sisi wakongwe". Huyo ndiye ananituma chaki. Na shikamoo anategea, anasubiri nianze mimi!

Sasa mwenyekiti wa kamati anasema harusi haisogezwi, ukumbi umeshalipiwa. Mama naye kapiga simu anafoka, serikali gani hiyo isiyojua harusi, anataka namba ya yule binti waongee wenyewe. Nimempa ile ya mezani, ambayo huwa haipokelewi.